Siku Niliyopuliza Pembe kwa Ajili ya Ugali

Iko siku moja, Yona mwanangu, ambayo kila nikiikumbuka masikio yangu yanapata moto, na leo nimeikumbuka kwa sababu ya barua yako. Umeniandikia, kwa mwandiko wa kuku aliyekanyaga wino, kwamba hii ni wiki ya tatu watu wa nyumbani hawajala pamoja, kwamba ratiba niliyokuachia ni mbovu, na kwamba unataka kujiuzulu. Shikamoo yako nimeipokea, marahaba. Kujiuzulu sijakupokea.

Usinicheke kwa kukuita mwanangu. Najua mimi ni kaka yako tu, kidato cha tatu, ndevu zangu zinahesabika na nimeshazihesabu. Lakini kazi ya kupanga chakula cha wiki katika nyumba ile ilinizeesha mapema. Mzee hapimwi kwa mvi peke yake. Wengine tumezeeshwa na ndugu.

Wewe ulikuwa na miaka mitano, kazi yako ni kunyonya kidole, kwa hiyo sikiliza.

Mwaka ule kijiji chetu kilipofanywa cha ujamaa, kila mtu nyumbani alipata shughuli isipokuwa mbuzi. Baba alichaguliwa balozi wa nyumba kumi, akakabidhiwa ile pembe ya tandala inayoning'inia mlangoni. Mlio mmoja ni mkutano, miwili ni shamba la kijiji, mitatu ni hatari: moto, au nguruwe wameingia kwenye mahindi. Mama alianza kisomo cha watu wazima, Jumatatu na Jumatano, na Ijumaa anateremka sokoni Soni na kabichi zake. Dada Agnes alikuwa na kwaya. Mimi nilikuwa darasa la saba, na shule yetu ilikuwa na shamba kubwa kuliko madarasa. Watu wa nyumba moja tukawa tunasalimiana njiani kama wageni.

Bibi ndiye aliyechoka wa kwanza. Unajua kwetu, Baba hula barazani, wanawake jikoni, na watoto pale walipofukuziwa. Bibi akasema mara moja kwa wiki anataka sinia moja, watu wote, baba na mama na watoto, mikono inagongana. Majirani wakasema mama mkwe anazeeka vibaya. Bibi akawajibu kwamba mchungaji naye hula na mkewe na bado mahubiri yake yanaeleweka.

Halafu akanigeukia mimi. "Wewe unayejua kuandika, tutafutie siku."

Nikachana karatasi katikati ya daftari la hesabu, nikachora mistari. Mwanangu, ile ratiba ilikuwa nzuri. Ilikuwa na pambizo, ilikuwa na rangi mbili. Wahenga walisema mipango si matumizi, nami nikawadharau, maana wahenga hawakuwa na rula.

Ikakubalika Alhamisi, jua likianza kushuka. Miezi miwili ya kwanza mambo yalikwenda. Kisha ikaja barua ya Dada Agnes: amemaliza mafunzo ya ualimu, amepangiwa kufundisha Rufiji, huko kwenye mamba, na aripoti mwisho wa mwezi. Tulikuwa na Alhamisi nne mkononi.

Hapa nikukumbushe desturi ya Bibi, maana wewe hujamwona mtu akiondoka nyumbani tangu wakati huo, ukiacha mimi, na mimi nilikuwa naenda shule tu. Mtu wa nyumba yetu akiondoka kwenda mbali, kabla hajafunga mzigo, baba wa nyumba anakata tonge la kwanza la ugali kwa mkono wake na kumpa mbele ya wote. Bibi huamini kwamba asiyekatiwa tonge anakwenda kama aliyefukuzwa. Atafika, ndiyo, lakini moyo wake utakuwa unatazama nyuma, na anayetembea akitazama nyuma hujikwaa. Akachagua jogoo kabisa, yule mwekundu, akasema atachinjwa Alhamisi tutakayokutana wote.

Alhamisi ya kwanza Baba akawa na mkutano wa dharura kuhusu choo cha shule. Nikahamishia Jumamosi. Jumamosi akawa na mkutano wa mbolea. Nikahamishia Jumanne, akaenda Gare kumwona mtu ambaye, nilikuja kusikia, hakuwa na habari za kutembelewa. Alhamisi ya pili choo cha shule kikarudi tena. Nilifuta na kuandika, nikafuta na kuandika, mpaka karatasi ikatoboka. Usiku sikuwa nalala vizuri, naota visanduku vya ratiba vikikimbizana. Mama ananiuliza, "Leo tunakula lini?" Bibi ananiuliza. Dada Agnes haulizi, ananitazama tu, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. Aliyefaidi ratiba yangu ni jogoo peke yake. Alinenepa, akaanza kuniangalia kwa dharau.

Ikafika Alhamisi ya mwisho. Dada alikuwa anaondoka Jumamosi kwa basi la asubuhi. Mchana Bibi alinifuata shambani, kisu mkononi.

"Jogoo nimemchinja," akasema. "Leo ndiyo leo."

Mama alikuwa nyumbani. Dada aliwaaga wanakwaya mapema. Bibi akapika, akasonga ugali, akaugeuza kwenye sinia, ukakaa pale ukifuka mvuke kama kilima cha asubuhi. Baba tu. Alikuwa ameondoka saa tisa, amevaa koti, akisema, "Nafika ofisini mara moja, narudi sasa hivi."

Tukangoja. Ukungu ukaanza kuteremka kutoka msituni. Mama akafunika kuku, akamfunua, akamfunika tena. Nilitoka mlangoni mara kumi kuangalia njia ya bondeni inayotoka ofisini, sikuona hata mbwa. Ugali ukaanza kufanya ngozi juu. Dada Agnes akainuka, akasema kwa sauti ya mtu anayeomba radhi kwa kosa asilolifanya, "Bibi, tuleni tu. Baba ana kazi za watu."

Bibi alikuwa anautazama ule ugali kama mtu anayetazama mgonjwa.

Mwanangu, mimi nina ugonjwa mmoja unaoujua: siwezi kukaa kimya jambo likiwa halisogei. Nikatazama mlangoni, nikaiona pembe. Nikafikiri hivi: mlio mmoja Baba atasema mtu anacheza. Miwili atatembea polepole. Mitatu atakimbia. Hesabu ikakaa sawasawa. Kitu kimoja tu sikukihesabu, nacho ni kwamba pembe ile haina jina la mtu.

Nikaichukua, nikapita nyuma ya jiko, nikajaza kifua. Mara ya kwanza ikatoa sauti ya ndama mwenye njaa. Mara ya pili ikakubali. Ya tatu, nakuambia, hata mimi niliogopa.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Baba. Lakini hakuja kwa njia ya bondeni. Alitokea juu ya nyumba, kwenye ile miti ya miwati, hatua ishirini kutoka jikoni, amepoteza kofia, majani yamemganda kwenye koti, anapiga kelele, "Mama yuko wapi? Agnes yuko wapi?" Hakuwa ameenda ofisini. Mtu mzima, balozi wa nyumba kumi, alikuwa amekaa kwenye miti anasikiliza sinia lake likipoa.

Kabla sijapata la kusema, bonde likafunguka. Mbiu ya mgambo ikilia kuna jambo, na watu wetu hawachezi na mbiu. Walikuja na mapanga, walikuja na ndoo za maji. Mama mmoja alikuja na mwiko una unga, ugali wake ameuacha motoni. Wanakwaya walikuja wote. Nyuma kabisa akaja Mzee Hoza, yule jirani wa mguu mbovu, na jembe begani. Alikuwa ameanguka kwenye tuta, goti linatoka damu.

"Wako wapi nguruwe?" akauliza, anahema.

Watu wananitazama na pembe yangu.

Baba akasema, "Nani amepuliza?" Swali la bure, kwa kweli.

Bibi akanishika sikio. Akaanza kwa Kiswahili, akahamia Kishambaa, maana hasira ya Bibi haikusoma shule. Kisha akaniachia, akasema, "Waambie watu wewe mwenyewe. Uwaambie ulichoitia."

Nikasema. Sauti yangu wakati ule ilikuwa inakatika, nusu mtoto nusu fisi. "Hakuna nguruwe. Nilikuwa namwita Baba aje kula."

Mtu mmoja akacheka, wengine hawakucheka. Yule mama wa mwiko akasema, "Ugali wangu unaungua kwa sababu wa kwenu unapoa?" Na Mzee Hoza, anajifuta goti, akasema taratibu, "Mjukuu wangu, siku nguruwe wakija kweli, mimi nitajuaje nikimbie?"

Hilo swali, Yona, bado liko kifuani kwangu.

Kisha akamgeukia Baba. "Na wewe balozi, unatoka wapi? Nimepita ofisini, imefungwa tangu mchana."

Baba akafungua kinywa. Unamjua Baba; anaweza kuhutubia saa mbili juu ya mbolea. Safari hii alijipapasa kichwani akitafuta kofia.

Bibi ndiye aliyesema. Akawaambia wote, "Mtoto amekosa, na adhabu yake ataipata. Lakini msiseme mmeitwa bure. Mjukuu wangu Jumamosi anakwenda Rufiji, na baba yake anajificha kwenye miwati asimkatie tonge. Kama hiyo si hatari, niambieni hatari ni nini."

Hakuna aliyecheka tena. Dada Agnes akamwendea Baba, akaanza kumtoa majani kwenye koti, moja moja. "Nilidhani umekasirika," akamwambia. "Mwezi mzima nadhani umekasirika mimi kwenda."

"Nisingekata," Baba akasema, "usingeondoka." Akasema chini sana, tulimsikia sisi wa karibu. Akaongeza, kama mtu anayejaribu kuifanya iwe sera, "Nilidhani hivyo."

Akanawa. Akakaa. Ile ngozi ya ugali ilikuwa imekauka, ikabidi aivunje kwa kidole gumba, watu wa nyumba kumi wamesimama na ndoo zao wanaangalia. Akakata tonge, akachovya kwenye mchuzi, akampa Dada mkononi. Dada akala. Mama akageukia ukutani. Mzee Hoza akavua kofia, sijui kwa nini, wala yeye nadhani hakujua.

Bibi hakuruhusu mtu aondoke bila kuonja. Jogoo mmoja, watu wanakaribia arobaini. Wengine walipata mchuzi, wengine walipata harufu. Mimi nilipewa ukucha, nikaambiwa nishukuru. Na kwa mwezi mmoja kila jioni nilichota maji ya nyumba moja kati ya zile kumi, nikaanza kwa Mzee Hoza, nikamaliza kwa Mzee Hoza. Pembe ilichukuliwa na kijiji, na Baba alirudishiwa baada ya yeye kuomba radhi kwenye mkutano, na ule mkutano, walau, ulikuwa wa kweli.

Siku ya pili yake nilimpelekea Bibi ile ratiba yenye tundu, nikataka kuichoma. Akanizuia. Akaigeuza juu chini, maana kusoma hajui, akasema, "Humu umeandika kila mtu anakwenda wapi. Hukuandika anakimbia nini." Nikamwambia hakuna nafasi kwenye visanduku. Akanipiga kofi dogo la kisogo, lile la mapenzi.

Sasa nakurudia wewe. Unasema Mama ana kisomo cha juu, Baba ana mikutano, na wewe mwenyewe una mpira. Umehamisha siku mara tatu. Mwanangu, acha kuhamisha siku. Weka rula chini. Mfuate mmoja mmoja pale alipo, Mama akichambua maharage, Baba akinoa jembe, ukae naye mpaka akuambie kwa nini hataki kukaa. Atakuambia ana kazi. Usiondoke hapo. Kila mtu ana kazi. Anayetaka kula nawe ataileta kazi yake mpaka kwenye sinia. Nimesoma barua yako mara ya pili, nikaona umeandika kwamba Bibi siku hizi anakula vijiko viwili na kuacha, na hapo hapo ukaanza habari za mpira. Nadhani nyote mnaijua sababu ya sinia kubaki tupu. Mnaogopa kukaa mkaliona tonge lake likirudi kwenye sinia bila kuliwa. Nami pia naogopa. Ndiyo maana likizo fupi nilijifanya nina masomo ya ziada, nikabaki bwenini. Sikuwa nayo.

Kwa hiyo andika Alhamisi, kwa wino, usifute. Nitakuja hiyo ya mwisho wa mwezi, kwa miguu kutoka Soni kama basi litakataa. Mkatieni Bibi tonge dogo, mlainishie kwa mchuzi, na mumngoje hata akichelewa. Na pembe usiiguse.

Mungu akupe miguu ya Mzee Hoza, inayokimbilia wito hata ikiwa mibovu. Akupe ugali usiofanya ngozi kabla ya wa mwisho kufika. Na siku yako ya kuondoka ikifika, mwanangu, awepo wa kukukatia.