Kashe ya Noel

Ilikuwa saa tisa na nusu alasiri, siku ya Alhamisi, Desemba ya mwaka 1998, wakati ile kadi ilipoingia nyumbani kwetu. Saa naikumbuka kwa sababu Mama alikuwa ameniambia niyaangalie maharage hadi saa kumi, nami nilikuwa nikiikodolea macho saa ya ukutani kama mfungwa. Lakini harufu iliyobaki nami si ya maharage. Ni ya wino. Mpaka leo nikisimama kwenye dirisha la ofisi yoyote na karani akagonga mhuri juu ya karatasi yangu, harufu ile inanirudisha kwenye chumba chetu cha ghorofa ya tatu, karibu na bandari ya Durban, na ninajikuta nimegeuka kuangalia ni nani amesimama nyuma yangu.

Mniruhusu kwanza nieleze habari ya mihuri, maana bila hiyo mtatuona wajinga.

Kwetu Uvira, Baba alikuwa katibu wa mtaa. Aliitwa Noel Molisho. Alizaliwa siku ya Krismasi, ambayo sisi Wakongo twaiita Noeli, na wazazi wake hawakuhangaika kutafuta jina jingine. Alikuwa na mhuri wake, wenye jina lake, na mhuri sisi twauita kashe. Watu walikuja asubuhi na vyeti vya watoto, hati za mbuzi, ruhusa za safari, wakasimama kwenye mstari hadi barazani. Baba aliusogeza mhuri karibu na mdomo, akaupulizia pumzi, akaugonga. Kabla ya hapo karatasi haikuwa kitu. Mama alikuwa na msemo wake: "Karatasi bila kashe ni ya kufungia karanga." Nilikulia kwenye msemo huo kama watoto wengine wanavyokulia kwenye sala.

Vita vilipofika mjini, tulikimbilia ziwani. Mtumbwi ulikuwa mmoja na watu walikuwa wengi. Baba alinipandisha, akampandisha Mama, akasema atavuka mtumbwi ukirudi. Tuliungoja ng'ambo. Ulifika, watu wakashuka mmoja mmoja mpaka yule mwenye kasia, na yeye hakuwemo. Kutoka hapo hadi Durban ni safari ya nchi nyingi ambayo sitaisimulia hapa.

Durban, Mama alisuka nywele kando ya barabara, na chumba tulikigawana na Bi Mwanaidi, mjane Mwislamu wa Tanga aliyeuza kanga na udi kule Isipingo, kusini mwa mji. Katikati tulitundika pazia, lakini pazia halizuii maneno. Bi Mwanaidi alisema sisi Wakongo tunasema iko, iko, kama watu wanaohesabu kuku. Mama alimjibu kwamba Watanzania wanapamba kila neno mpaka chakula kinapoa. Walipendana sana.

Mimi nilikuwa na miaka tisa na nilikojoa kitandani kila usiku tangu tuvuke ziwa. Asubuhi Bi Mwanaidi alinisaidia kuanika shuka dirishani, upande wa bandari, akisema, "Mwanangu Sifa, meli zote zimekwisha kuijua bendera yako." Nilicheka naye. Usiku, kabla ya kulala, sikuwa nikicheka.

Wiki ile ya kadi, Mama alikuwa ameamua. Miaka miwili ilitosha. Jumamosi mchungaji angekuja, wanawake wa kwetu wangekuja, Baba angeliliwa kama watu wanavyoliliwa, kisha Mama angevua nguo nyeusi na matanga yangeondolewa. Maharage niliyoyalinda yalikuwa ya kujaribu sufuria kubwa ya kuazima. Mama aliniambia, "Mutu asiyeliliwa haendi, harudi. Anabaki njiani."

Basi, saa tisa na nusu, Bi Mwanaidi alipanda ngazi akihema. Barua zetu zilikuwa zikitumbukizwa kwenye sanduku la duka la chini, na mvua za Desemba zilikuwa zikiingia humo kabla ya mwenye duka.

"Mama Sifa, una ndugu Marekani? Stempu hii si ya hapa."

"Mimi? Ndugu zangu mwisho Fizi, kule kwetu."

Bahasha ilikuwa imelowa kama kitambaa cha kufutia. Ndani mlikuwa na kadi yenye picha ya kanisa na theluji. Maneno ya mkono yalikuwa yamegeuka wingu la bluu. Hapakuwa na jina, hapakuwa na salamu, hapakuwa na herufi hata moja ya kusomeka. Anwani yetu ilikuwa imesalimika, kwa sababu iliandikwa kwa kalamu nyingine. Na mhuri ulikuwa umesalimika nusu. Ulikuwa wa kijani, una shada la majani, na chini yake limeandikwa neno NOEL. Baada yake zilikuja herufi mbili, M na O. Zilizofuata maji yalikuwa yamezila.

Mama aliileta bahasha puani. Kisha akanipa mimi.

"Soma."

"Noel," nikasoma. "Noel Mo..."

"Maliza."

"Imefutika, Mama."

"Maliza jina ya baba yako!"

"Molisho," nikasema.

Mama aliketi sakafuni. "Iko muzima," alisema. "Iko Marekani. Angalia, wamemupa kashe. Hata kule wamemupa kashe yake."

Bi Mwanaidi aliichukua bahasha, akaigeuza upande huu na ule. Yeye alisoma Kurani vizuri na herufi za Kizungu kwa shida. "Mbona ana majani kichwani?" aliuliza.

"Ni ya serikali," Mama alijibu. "Kila serikali iko na alama yake."

Sikuona kosa lolote katika maelezo hayo. Niliinusa bahasha na nikaapa kwamba nilisikia harufu ya pumzi ya Baba kwenye wino. Maharage yaliungua.

Ijumaa Mama alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu wasije. Huwezi kumlilia mtu anayekutumia kadi. Sufuria ilirudishwa kwa mwenyewe. Jumamosi jioni, badala ya matanga, Mama aliandaa sahani tatu, akavuta kiti cha tatu, na akanikataza kukikalia.

Ndivyo tulivyoanza kuishi na Baba. Mama alinunua suruali ya mtumba, kijivu, ya kimo cha Baba, akaitundika nyuma ya mlango ili akifika asikose ya kubadilisha. Upepo wa bandarini ulipoingia, suruali ilikunja goti, ikanyooka, ikakunja tena. Bi Mwanaidi alipoipita alitoa salamu, mwanzoni kwa mzaha, baadaye bila mzaha. Meli zilipopiga honi, Mama aliacha kutafuna na kusikiliza ngazi. Mimi nilizoea kukisimulia kile kiti mambo ya shule: nani kapigwa, nani kahama, neno gani la Kizulu nimejifunza. Mara kwa mara nilihisi kwamba kinanisikiliza, na kwamba kimechoka. Chakula cha sahani ya tatu nilikila mimi asubuhi, kikiwa baridi, na kilikuwa na ladha ambayo chakula changu hakikuwa nayo.

Na nilikuwa nimeacha kukojoa kitandani. Usiku ule ule wa kadi nililala mkavu, na uliofuata, na uliofuata huo. Bi Mwanaidi alilalamika kwamba meli sasa zitapotea.

Mwezi wa tatu tulikwenda Pinetown, kwenye ukumbi wa kanisa ambako mwaka uliotangulia Mama alikuwa amejifunza kushona kwa cherehani. Mwalimu wao alikuwa Mmarekani, mwanamke mnene mwenye huruma, ambaye kina mama walimwita Mama Vifungo kwa sababu hakutupa kifungo hata kilichovunjika. Alikuwa amerudi kwao katikati ya mwaka huo, na sasa amekuja tena. Alimkumbatia Mama, akanishika kidevu, akauliza jambo kwa Kiingereza. Mimi ndiye niliyekuwa mkalimani.

"Anauliza nini?" Mama alisema.

"Anauliza kama ulipata kadi yake ya Noeli."

Hivyo ndivyo nilivyotafsiri. Kwetu kadi ya Krismasi haina jina jingine. Sikusikia chochote katika maneno yangu mwenyewe.

Mama alikuwa ameshika uzi, anatafuta tundu la sindano. Aliulowesha uzi mdomoni, akajaribu, akakosa, akajaribu tena. Mama Vifungo alingoja akitabasamu.

"Mwambie hatukupata," Mama alisema.

Nikamwambia. Mama Vifungo alisikitika, akalaumu posta, na mimi nilimhurumia, kwa sababu ilikuwa kweli tupu: kadi tuliyoipata sisi ilikuwa ya Baba. Katika teksi ya kurudi mjini Mama alikaa dirishani. Jioni aliandaa sahani tatu. Aliifuta ile ya tatu kwa upindo wa nguo yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kabla, kisha akaniambia nimweleze Baba habari za Pinetown.

Miaka ilipita. Niliacha shule kabla ya kuimaliza, nikapata kazi ya kupanga mafaili katika ofisi ya meli, na mengine nikajifundisha mwenyewe kwenye maktaba ya manispaa, rafu baada ya rafu. Sikuwa na haraka. Tulihamia Isipingo, Bi Mwanaidi akachukua chumba kilichopakana na chetu, na sahani ya tatu ilihama pamoja nasi. Suruali nayo ilihama. Nilipokuwa mtu mzima niliamini kwamba Baba alikuwa na mke mwingine huko Marekani na ndiyo sababu ya ukimya wake. Nilimchukia kwa utaratibu, kama ninavyofanya mambo yangu mengi, na bado nilimsimulia habari zangu.

Kisha siku moja, nikisoma juu ya Marekani jimbo kwa jimbo, nikafika Missouri. Kuna mji mdogo huko unaoitwa Noel. Kwa sababu ya jina lake, mji huo umejifanya mji wa Krismasi. Kila Desemba watu huutumia kadi zao ili posta yake izigonge mhuri wenye jina hilo na shada la kijani, kisha iziposti kwa wenyewe, hata kama mwandishi hajawahi kukanyaga pale. Na jimbo la Missouri kwa kifupi huandikwa kwa herufi mbili, M na O.

Niliendelea kusoma, kwa sababu sikuweza kuacha. Mji ule haukuitwa kwa ajili ya Krismasi. Noel lilikuwa jina la ukoo wa walowezi wa mwanzo. Wakazi waliokuja baadaye waliona jina la mtu wakalisoma kama sikukuu. Sisi tuliona sikukuu tukaisoma kama jina la mtu. Nilifunga kitabu na kukaa pale mpaka walipozima taa za upande wangu.

Nilimkuta Mama anachambua sombe, ile mboga ya majani ya muhogo. Nilikuwa nimepanga maneno yangu njia nzima, jinsi ya kumwambia mwanamke mzee kwamba alimpikia mhuri wa posta. Nilimweleza polepole. Alichambua mpaka nikamaliza.

"Nilijua," alisema. "Tangu Pinetown."

"Ulijuaje?"

"Ni wewe uliniambia. Kadi yake ya Noeli. Mudomo yako mwenyewe."

Niliuliza kwa nini alinyamaza, kwa nini miaka yote hiyo ya sahani, kiti, suruali. Alinitazama kana kwamba nimeuliza jambo ambalo jibu lake liko mezani.

"Ulikuwa unalala," alisema. "Siku ya kwanza tangu ziwa, mutoto yangu analala. Ningekuamsha nikuambie nini? Nikangoja uache kumungojea. Hukuacha."

Nilikuwa nimedhani kwamba kwenye meza ile kulikuwa na mwanamke aliyedanganyika na mtoto aliyemfuata. Aliyeamini alikuwa mmoja tu, naye ni mimi. Mama alikuwa mjane tangu mwezi ule wa tatu, ujane usio na kilio, kwa sababu kilio kingenifikia kitandani. Alikuwa akiandaa sahani ya marehemu na kuniangalia ninavyompa habari za shule.

Mama aliinuka, akanawa mikono, akaitungua suruali nyuma ya mlango. Aliikunja mara mbili, akaikumbatia, kisha akaanza. Hakulia kilio cha watu wa mjini. Alilia kama wanavyolia kwetu siku ya kwanza ya msiba, kwa sauti inayopita ukuta, akimwita kwa majina yake yote mawili.

Mlango ulifunguliwa. Bi Mwanaidi, na fimbo yake, mtandio umemwanguka.

"Jamani! Nani amefariki?"

Mama aliendelea kumwita. Nikajibu mimi.

"Baba," nikasema.