Alama Kumi na Moja

Shangazi alihesabu alama kumi na moja kwenye mwili wa dada yangu Rukia, wiki moja kabla ya harusi yake. Chumba chetu cha juu, Walthamstow mjini London, kilinukia liwa, karafuu na asumini kavu. Ilikuwa singo, mchanganyiko wa kumsugulia bibi harusi, aliyoibeba Shangazi kutoka Unguja ndani ya mkebe wa maziwa ya unga. Nilikuwa na miaka kumi, na kazi yangu ilikuwa kushika bakuli. Shangazi alianza kumsinga mabegani, akateremka mgongoni, mkono ukasimama. Ubavuni palikuwa na doa la zambarau pana kama kiganja. Mikononi na mapajani yalikuwapo mengine, baadhi yameanza kugeuka manjano. Rukia akasema aliteleza kwenye ngazi. Shangazi aliendelea taratibu, akiipita pembeni kila alama, huku akihesabu kwa sauti ndogo.

Mimi nilijua zilikotoka. Tangu baridi ilipopungua mwaka ule, kila Jumamosi tulimuaga Mama, naye akiamini tunakwenda maktaba, nasi tukaenda uwanjani. Rukia alicheza mpira wa Kiaustralia, ule wa umbo la yai, unaodakwa kwa mikono na kupigwa kwa mguu, na mwenye mpira hukamatwa na kuangushwa. Goli lake ni milingoti minne isiyo na wavu: katikati pointi sita, pembeni moja. Rukia alikuwa mshambuliaji. Aliruka juu ya mabega ya wenzake akiwa na suruali ndefu na kilemba, na kabla ya kupiga alijifuta viganja, midomo ikicheza. Nilijua anasoma bismillahi. Nilikaa na mkoba wake nikiandika kila goli daftarini. Siri ya mtungi aijuaye kata. Fainali ilikuwa Jumamosi ile, siku moja kabla ya harusi, na mtu kutoka Melbourne angekuja kuchagua wachezaji wa kwenda kucheza huko. Nassor, mchumba wake, alikubali kumfuata huko. Tulipanga Rukia atoke Shangazi akilala mchana.

Baada ya alasiri Shangazi aliniita jikoni, akafunga mlango.

"Mwanangu, nani anampiga dada yako?"

"Hakuna, Shangazi."

"Ngazi haina vidole. Ile ya mkononi ni ya vidole vya mtu. Ni baba yako?"

Baba aliendesha basi, na akimkuta buibui bafuni alimtoa nje kwa gazeti. Nilitikisa kichwa, lakini Shangazi hakuwa akinitazama tena.

"Ni ndugu yangu, tumenyonya ziwa moja. Akirudi leo nitamuuliza mbele ya mama yako. Na harusi itangoja."

Kila siku Baba alirudi saa kumi na mbili. Saa ya ukutani ilibakisha robo. Kila basi lililopita barabarani nililidhani lake. Nilipanda ngazi, nikashuka na daftari.

Shangazi alilifungua ukurasa kwa ukurasa. "Hizi nini?"

"Magoli yake. Alama ni za mpira."

"Thelathini na nne? Peke yake?"

"Peke yake."

Nikadhani atacheka. Alilitia daftari mkobani mwake. "Bibi harusi hatoki juani. Anacheza tena lini?"

Aliniuliza siku tu. Nilimpa na saa: Jumamosi, saa nane.

Baba alipoingia, Shangazi alimuuliza tu kama amekula. Jumamosi Shangazi alitandika mkeka mlangoni mwa chumba na hakulala. Rukia alikaa na liwa usoni, macho kwenye saa, mpaka saa kumi ikapita. Timu ilishindwa kwa pointi nne, pungufu ya goli moja.

Rukia alicheza misimu saba zaidi katika viwanja vya London, mpaka goti lilipomkataa. Yule mtu wa Melbourne hakurudi. Siku hizi nawaona mabinti wa mtaani kwetu wakienda mazoezini na mama zao, vyakula mkononi, wala hakuna anayetaja maktaba. Shangazi amefariki, na katika vitu vyake daftari halikuonekana. Na Rukia, miaka yote hii, anaamini ni Mama aliyemfuata uwanjani akamsema kwa Shangazi.

Jumapili iliyopita, mezani kwa Mama, alilisema tena. "Kikulacho ki nguoni mwako." Mama aliapa kuwa si yeye, kama anavyoapa kila mara. Kisha akanisukumia birika, nami nikawamiminia chai wote wawili.