Sauti Chini ya Paa la Nyasi

Waliokuwa ndani ya nyumba yetu siku ile ni hawa: mwalimu wa Kiswahili wa shule ya upili iliyo mlimani juu yetu, Mhindi mwenye duka la picha mjini Kisii, aliyekuja na kamera ya video na redio ya kurekodi, mdogo wangu wa kike wa kidato cha pili, bibi jirani aliyetuangalia tangu wazazi wetu wafariki, na mimi, dada mkubwa.

Hatukupaswa kuwa hapo. Mtihani wa kuzungumza ulikuwa ufanyike darasani, na ulirekodiwa kwa sababu moja. Kamati ya kanisa mjini ilikuwa imekubali kuwalipia karo yatima wachache, ila ilitaka kwanza kuwaona na kuwasikia wakijieleza. Wazee wa kamati hawangeweza kuupanda mlima wetu wote wa Manga, kwa hiyo mwalimu akasema kanda itawateremkia. Ambaye hangekuwa kwenye kanda hangefikiriwa. Mdogo wangu alikuwa amerudishwa nyumbani kwa ajili ya karo mara nyingi, na majani ya chai niliyochuma hayakutosha tena. Mimi niliacha shule darasa la saba, mama alipozikwa. Niliapa yeye hataacha.

Nilikuwa nimeitwa shuleni kumpikia chai yule mgeni wa kamera. Kwetu mashine haiwashwi kabla mgeni hajanywa chai. Akanywa. Ikafuata sala, kisha hotuba ya mwalimu mkuu, kisha mtu wa kumshukuru mwalimu mkuu kwa hotuba. Kila mtu Manga anajua mvua yetu huja alasiri, na kila mtu alikaa akipiga makofi. Hatimaye wanafunzi wakaanza kuitwa. Mdogo wangu alikuwa wa mwisho. Aliposimama tu mbele ya kamera, mvua ikaangukia mabati ya darasa.

Mgeni akavua visikizi vyake masikioni. "Mwalimu, nasikia mawe tu humu."

"Tungoje ipungue."

"Betri haitangoja. Na kesho kamera ina harusi Keroka."

Nilikuwa mlangoni na birika mkononi. Nilimwona mdogo wangu akitazama juu, kisha akamtazama mwalimu.

"Mwalimu, kwetu mvua haipigi kelele," akasema. "Paa letu ni la nyasi."

Majirani wote walikuwa wamehamia mabati. Sisi tulikuwa na nyumba ileile ya baba, na kwa miaka nilikuwa nikimwambia kila aliyeuliza kwamba mabati yanakuja. Darasani hakuna aliyejua.

"Kumbe mnalala na kuku!" mvulana mmoja akapaza sauti, na darasa likaangua kicheko.

"Tunalala nao," mdogo wangu akamjibu. "Na wao hunyamaza wakati wa mtihani."

Tukateremka kijia kile tukiteleza, kamera imefungwa ndani ya koti la mwalimu. Bibi alikuwa kando ya moto, anachemsha chinsaga, zile mboga chungu zetu zinazotaka muda mrefu jikoni.

"Bwairire, magokoro," mgeni akamwamkia kwa Ekegusii safi, lugha yetu.

Bibi akamkodolea macho. "Huyu kazaliwa wapi?"

"Kisii, nyuma ya duka."

"Basi ni wetu. Mpeni kiti."

"Asante, bibi. Lakini chungu chako kinaongea kuliko mwanafunzi."

"Chinsaga hazingoji mtihani," bibi akanung'unika, ila akakiepua.

Mdogo wangu akawekwa mlangoni, palipokuwa na mwanga. Mvua ilikuwa ileile, lakini juu yetu nyasi ziliipokea kimya, na nje matone yalishuka ukingoni moja moja. Mwalimu akamwambia aeleze kitu anachokiona.

Akaeleza paa. Alieleza nyasi zinavyokatwa zikiwa zimekauka, wanawake wanavyozibeba, fundi anavyoanza kuezeka chini akipanda, ili kila tabaka lifunike mafundo ya lile la chini. Alieleza mahali ambapo baba aliezeka na mahali ambapo majirani waliziba baada ya baba. Hakukwama hata mara moja.

Nyumbani tulisema Ekegusii. Kiswahili changu mimi kilikuwa cha sokoni, cha bei na salamu. Chake sikuwa nimewahi kukisikia kikienda mbali hivyo. Nilikuwa nimekichumia chai asubuhi baada ya asubuhi bila kujua kinafanana na nini. Niliegemea ukuta nikaogopa kupumua.

Mgeni alirudisha nyuma kaseti ya redio ili ahakikishe. Sauti ya mdogo wangu ikatoka redioni, naye amesimama pale kafunga mdomo. Bibi aliinuka, akamwekea vidole midomoni, akaviacha hapo huku sauti ikiendelea kueleza nyasi.

"Imefungwa," akatuambia polepole. "Mtoto kanyamaza, na bado anasema."

Mgeni akaizima redio.

Kisha mgeni akanigeukia. "Upande wa pili wa kaseti ni mtupu. Dada mkubwa, nawe sema."

"Mimi sina la kusema."

"Umemlea mdogo wako, huna la kusema?"

Mwalimu akaniuliza swali moja jepesi: asubuhi yangu huanza vipi. Niliiona taa ndogo nyekundu ya kamera ikiwaka, na kidole cha mgeni kikingoja juu ya kitufe cha redio. Nikasema, "Siku nyingine."

"Sawa," akasema mgeni, akizima. "Nakudai, basi. Malipo ni sauti, sipokei kuku."

Kamati ilimsikia na kumwona mdogo wangu. Karo yake ililipwa hadi kidato cha nne, na leo yeye mwenyewe ni mwalimu. Kaseti ile ya sauti mgeni aliniletea baadaye, siku ya soko Nyamira. Kaseti ambayo hutaki irekodiwe tena huvunjwa kile kijino cha plastiki mgongoni. Alikuwa amevunja cha upande wa mdogo wangu. Cha upande wangu alikiacha kizima.

Paa sasa ni la mabati. Kaseti iko sandukuni, na mdogo wangu kila anapokuja huleta redio yake ya zamani, huniuliza asubuhi yangu huanza vipi, kisha hungoja. Upande wa pili bado ni mtupu.