Siku Tatu Bila Nyama wala Samaki

Miaka michache baada ya uhuru nilikuwa dresa, mfunga vidonda, katika hospitali ya Amu, kisiwani Lamu. Daktari wetu alikuwa mtu wa bara, mpole, aliyezoea upesi kuwaita wagonjwa Bwana na Bi. Kilichomkosesha raha ni matumbo. Kila asubuhi mtu mzima mmoja au wawili walikuja na kiungulia, naye alihofu kwamba miongoni mwao yuko mwenye saratani ya tumbo inayoanza, ambayo bado yatibika.

Picha ya tumbo ilipigwa Mombasa tu. Kufika huko ni mashua hadi Mokowe, kisha basi na vivuko vyake, na fungu la fedha za safari tulilopewa lilitosha watu wachache mno.

"Nikimpeleka kila mwenye kiungulia," aliniambia, "fungu litakwisha kabla ya Ramadhani, na anayestahili kwenda atabaki hapa. Tuanze na kipimo rahisi."

Kipimo chenyewe kilitaka kinyesi kidogo ndani ya kibiriti kitupu. Tulikitonea dawa, kikigeuka buluu, huenda mna damu ambayo jicho haliioni. Lakini siku tatu kabla, mgonjwa asile nyama wala samaki, maana navyo huweza kuigeuza dawa.

Wa kwanza alikuwa shangazi yangu, muokaji wa mikate ya mofa, ile ya unga wa mtama, ambaye sauti yake ilisikika mtaa wa pili.

"Wala samaki?" alimuuliza daktari. "Sasa n'le mtanga, Bwana?"

"Mchanga hapana, Bi. Kula maharage. Kunywa maziwa."

Mumewe, mwashi asiyekuwa na maneno mengi, alikuwa amemsindikiza. "Nitajinyima pamoja naye," akasema. "Asione upweke."

Daktari akatazama jinsi kanzu ilivyomlegea mabegani. "Basi na wewe Bwana ulete kibiriti chako."

Vyote viwili viligeuka buluu. Lakini daktari hakuandika safari. "Turudie kwanza. Dawa hii ni ya senti chache, na nafasi ya Mombasa ni adimu."

Nilipokwenda kuwaambia, shangazi alianza kugeuza mikate ambayo bado haijaiva.

"Shangazi, ulikula nini?"

"Mishikaki," alisema. "Mitatu tu. Ilikuwa ndiani, natoka sokoni, na harufu ikanishika mkono."

Mumewe alicheka hadi akapangusa machozi.

Mara hii shangazi alishika sharti kwelikweli. Kibiriti chake hakikugeuka. Cha mumewe kikawa buluu tena, kwa hiyo nafasi ikawa yake.

"Mwenye kulalamika ni mimi, mwenye kwenda Mvita ni yeye," shangazi alinung'unika. Lakini nilimkuta jikoni akimfungia mikate ya safari, akijifuta macho kwa ncha ya leso.

Nilimuuliza daktari habari za wale ambao vibiriti vyao havikugeuka.

"Kipimo hiki ni chungio lenye matundu makubwa," alikiri. "Uvimbe mwingine hautoi damu. Ndiyo maana nawaandika wanaokonda, niwaite tena."

Huko Mombasa mwashi wetu alinyweshwa kitu kizito cheupe, kisha akapigwa picha. Aliniletea salamu kwa barua: miaka yote amepaka kuta za watu chokaa, na sasa wamempaka yeye ndani. Picha ilionyesha kidonda chenye kingo mbaya. Wakamkata sehemu ya tumbo, na walipoipima wakakuta saratani imeanza, haijaenda mbali.

Alirudi baada ya miezi miwili, mwepesi kama unyoya, na shangazi akampokea gatini kwa vigelegele vilivyomfadhaisha mbele za watu. Daktari alimsalimu kwa mikono miwili.

Aliishi miaka mingi, hata akawaona wajukuu wakioa. Alikula kidogo kidogo, mara sita kwa siku, na shangazi hakuacha kulalamika kwamba jiko lake halipati kupoa.