Mchunga Kondoo wa Bi Ekdahl

Mwaka 1976, katika Stockholm nzima, Domina alikuwa na watu wawili tu wa kuzungumza nao: rafiki yake Akeyo, aliyekaa mtaa wa mbali wa Tumba, kwa simu, na Bi Ekdahl, kila Alhamisi. Majirani zake wa mtaa wa Rinkeby walimpa visogo, tena kwa adabu kabisa.

Bi Ekdahl, mjane wa miaka themanini, alimwajiri afute vumbi kwenye sanamu zake za Kiingereza: vijitu vya udongo vya miaka mia mbili, vilivyochomwa na kuvishwa rangi ing'aayo kama kioo. Mafundi waliovitengeneza hawakujisumbua na unadhifu. Kwenye sanamu ya mchunga kondoo, kijani cha nyasi kilimtiririkia mpaka kwenye suruali. Domina akifuta, bibi anasimulia marehemu mumewe alivyogombana na muuzaji wa kila kimoja. Saa mbili za maneno! Domina alizisubiri siku sita.

Alhamisi moja alimgeuza mchunga kondoo, akakuta chini udongo mtupu, mkavu, una ufa. Huruma ikamshika. Kwao Muleba, chungu kikiwa hivyo hupakwa mafuta kishibe, kisipasuke. Akachukua mafuta ya kupikia, akampaka, akarudia.

Wiki iliyofuata doa jeusi lilikuwa limepanda chini ya ule mng'ao hadi kiunoni. Akasugua. Wapi!

Jioni akampigia Akeyo.

"Umempaka mafuta?" Akeyo alicheka mpaka simu ikakwaruza. "Wee dada, si ungemtia na chumvi umkaange kabisa! Nyamaza tu. Huyo nyanya haoni vizuri."

"Sasa nitazisikilizaje hadithi zake huku najua?"

"Kwa masikio, kama watu wengine."

Alhamisi ilipofika, Domina akasema yote. Bi Ekdahl akamsogeza mchunga kondoo dirishani, akapitisha kidole juu ya doa.

"Hili haliondoki. Nani alikufundisha?"

"Mama yangu, bibi. Kwa vyungu."

"Vyungu," alirudia bibi.

Hakumfukuza, afadhali angemfukuza. Alifunga kabati la sanamu kwa ufunguo, akasema kuanzia sasa ni madirisha na sakafu tu.

Alhamisi iliyofuata, Domina alikuta kikaratasi cha maagizo ya kazi jikoni. Bibi yuko sebuleni, mlango umefungwa. Akapiga deki ukumbi wote mpaka mlangoni pale, akasimama.

"Bibi? Na sakafu ya humo?"

"Hiyo iache."

Domina akangoja kidogo, labda yapo maneno mengine, kisha akaenda kumwaga maji ya ndoo.