Mguu Uliokanyaga Haraka

Saa saba ya usiku ilipita mama akiwa bado ameketi kwenye kiti cha cherehani. Simu ilikuwa juu ya meza, kati ya mkasi na kopo la vifungo. Hakuwa anashona. Mguu ulikuwa juu ya pedeli tu, umetulia. Binti yake alitoka jioni na gitaa mgongoni kwenda kujaribiwa na bendi inayopiga kwenye ukumbi wa hoteli. Walikubaliana kwamba wakimaliza, saa nne hivi, atapiga simu. Saa nne ilikuja ikaondoka, na tangu saa tano simu ya binti haikupatikana.

"Mama watoto," mumewe akaita kutoka chumbani, "hiyo simu ukizidi kuikodolea macho itaona haya."

"Wewe lala."

"Nimelala. Hii ni njaa inayoongea."

"Bendi gani inamjaribu mtu mpaka saa hizi?"

"Ulitaka wamjaribu saa mbili asubuhi, watu wako kwenye foleni ya benki?"

Mumewe alikuwa fundi wa kupaka rangi majumba, na kwa miaka yote waliyoishi pamoja mama alijua kwamba akiogopa hufanya mzaha. Kitanda kilikuwa kinalia kila dakika. Naye pia hajalala.

Njia haikumtia mama hofu. Mpiga ngoma wa bendi alikuwa mtoto wa jirani, mtu mzima mwenye mke, naye ndiye aliyemchukua binti kwa gari na kuahidi kumrudisha. Kilichomnyima mama usingizi ni mkono wa kushoto wa mwanawe.

Alikuwa kitinda mimba wake, mwenye miaka ishirini na minne. Nyumbani walimwita Kimya. Siku aliyozaliwa alichelewa kulia, mkunga akampigapiga nyayo, na mama akabaki anahesabu pumzi zake mwenyewe mpaka sauti ikatoka. Tangu hapo, upande wa mtoto huyo ukinyamaza, moyo wa mama huruka. Mchana Kimya aliuza dawa dukani kwa watu, jioni alipiga gitaa. Alipiga vizuri, vizuri kiasi cha kufurahisha majirani. Kisha mpiga gitaa la solo wa bendi ya hotelini akahama, ikasemwa watajaribu watu, na siku ya kujaribiwa ilikuwa wiki sita mbele.

"Wiki sita zinatosha?" Kimya alimwuliza mwalimu wake, fundi redio aliyewahi kupiga solo ujanani.

"Zinatosha kama huna haraka," fundi redio akasema.

Alikuja nyumbani akaketi kwenye stuli ya jikoni, akaonyesha mazoezi yenyewe. Mama alikuwa anatia uzi kwenye sindano, lakini masikio yalikuwa huko, na fundi alipoondoka mama angeweza kuyasema yote. Vidole vinne, kila kimoja na nafasi yake kwenye shingo ya gitaa: moja, mbili, tatu, nne. Anza uzi mnene, shuka mpaka mwembamba, kisha panda tena. Kidole kisinyanyuke kabla mwenzake hajatua. Ukipita mara tano bila kukosea, ongeza mwendo kidogo. Ukikosea, rudi ulikotoka. Kila robo saa, weka gitaa chini ukung'ute mkono.

"Na ukisikia ganzi," fundi redio alisema akiwa ameshafika mlangoni, "siku hiyo imekwisha. Usijifanye shujaa. Vidole havina vipuri, ningekuwa ninaviuza."

Kilichokosekana kilikuwa kitu cha kumhesabia mapigo. Kimya akasikiliza cherehani ikigonga, akacheka.

"Mama, wewe shona tu. Nitafuata mguu wako."

Mama alifurahi, asiseme uongo. Wiki mbili za kwanza alikuwa anashona mashati ya sare, na kola haikimbizwi. Mguu ulikwenda taratibu, na upande wa pili wa ukuta vidole vikaufuata, moja, mbili, tatu, nne, kama wanaotembea wameshikana mikono. Wiki ya tatu zahanati ikaleta kazi ya mashuka themanini. Shuka ni pindo refu lililonyooka, na kwenye pindo refu mguu hukimbia wenyewe. Vidole navyo vikakimbia. Kimya hakuomba apunguze. Robo saa za kupumzika zikaanza kupotea, mama akizikosa moja baada ya nyingine bila kusema kitu, kwa kuwa zahanati ilitaka mashuka ishirini kila Ijumaa.

Kisha akaona kikombe. Kimya alikinyanyua kwa mkono wa kushoto, akakirudisha mezani, akakichukua kwa wa kulia.

"Mkono una nini?"

"Umechoka tu, mama."

"Fundi redio alisema..."

"Fundi redio hajaribiwi wiki ijayo."

Jioni hiyo mama alikanyaga polepole kwa makusudi. Ukuta ukagongwa. "Mama, usilale kazini bwana, utafukuzwa," Kimya akasema kwa kicheko. Na mama, aliyekuwa na mashuka ishirini yaliyobaki, akaongeza mwendo.

Hicho ndicho alichokuwa anakizungusha kichwani tangu saa tano.

Karibu na alfajiri gari likasimama nje. Mama alifika mlangoni kabla hawajabisha. Kimya akaingia, mkono umefungwa bandeji mpaka kwenye kifundo, vidole vikiwa nje.

"Nimefika, mama," akasema bila kumtazama. Akapita, akaingia chumbani kwake, komeo likalia.

Mpiga ngoma alibaki kizingitini, gitaa ameliegemeza begani.

"Samahani mama, simu yake iliisha chaji, yangu niliisahau ukumbini. Alipiga nyimbo mbili, watu wakasimama kabisa. Wimbo wa tatu kidole cha mwisho kikagoma. Tumekuwa hospitali usiku kucha."

"Daktari anasemaje?"

"Mshipa wa fahamu umebanwa. Asiguse gitaa miezi miwili. Hapo ndipo itajulikana."

"Itajulikana nini?"

"Kama ganzi itatoka."

"Na nafasi yake?"

"Kiongozi amesema apone kwanza."

Mama alimtazama usoni apate kujua kama hiyo ni ahadi au ni kwaheri. Mpiga ngoma alikuwa anatazama viatu vyake.

Alipoondoka, mama akasimama mbele ya mlango wa Kimya. Mumewe alikuja nyuma yake na shuka begani, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Kimya."

Akabisha kidogo.

"Fungua, mwanangu."

Ndani palinyamaza kabisa. Mama akashika fremu ya mlango.

"Mguu ulikuwa wangu," akauambia mlango. "Niliona kikombe. Niliona, nikaendelea kukanyaga. Nilitaka kumaliza mashuka."

Komeo likasogea. Mlango ukafunguka upana wa kiganja, na katika ule mwanya ukatoka mkono wa kushoto, peke yake.

Mama akaupokea kwa mikono yote miwili. Hakujua afanye nini nao, kisha akajua.

"Moja," akasema taratibu. Kidole cha kwanza kikamminya.

"Mbili." Kikamminya.

"Tatu." Kikaja, lakini kwa unyonge.

"Nne."

Hakusikia kitu. Akajikuta anahesabu pumzi zake mwenyewe, kama siku ile. Alipofika ya saba, kitu kikatikisika ndani ya kiganja chake, kidogo mno.

"Umesikia?" Kimya akauliza kutoka gizani.

"Nimesikia," mama akasema, ingawa hakuwa na hakika ni kidole kilichotikisika au ni mikono yake mwenyewe iliyokuwa inatetemeka.

Mlango ukafunguka wote.