Kesi ya Divai Iliyotemwa

Shangazi yangu Edina, mkulima wa zabibu hapa Mpunguzi, ni mpelelezi mkubwa. Hajasomea, lakini hilo halijawahi kumzuia mtu.

Kila msimu madalali husubiri zabibu zake zikaribie kuoza ndipo waje kumhurumia kwa bei ya kutupa. Mwaka huu akachoka, akatengeneza divai mwenyewe, pipa zima, na Mfaransa mmoja anayetafuta divai ya kununua akaja kuionja. Shangazi akatangulia kunywa, kama desturi yetu, mgeni aone hakuna sumu. Mfaransa akapokea glasi yake, akainusa, akasukutua kama mtu anayepiga mswaki, kisha puu! akaitema kwenye ndoo. Akarudia. Akashukuru, akaondoka. Mkalimani wake, Cornel, alikuwa nje muda wote akiongea na simu, maana ndiyo kazi aliyoletwa kufanya.

"Kuna mtu kaitia kitu divai yangu," Shangazi akatangaza.

Ushahidi? Hakuna. Mshukiwa? Mzee Matonya, jirani, kwa kosa la kupita karibu na pipa.

"Shikamoo, mzee. Umeweka nini kwenye pipa langu?"

"Marahaba. Edina mwanangu, mimi nikilifikia pipa la divai, nitapata wapi muda wa kuweka kitu?"

"Basi kunywa tuone. Mwenye hatia, tumbo litamuumbua."

Hapo kale watu waliapishwa hivyo, kwa kunywa. Mzee Matonya akanywa kikombe, akadai kiapo hakijakolea, akaongezewa. Tumbo kimya. Ajabu ni kwamba kufikia mchana mtaa mzima ulikuwa unashukiwa.

"Hata mimi nilipita hapa jana," alisema Ruthu wa kwaya, kikombe amekuja nacho kutoka kwake.

Sijawahi kuona raia wanaoheshimu uchunguzi kiasi kile.

Jioni Mfaransa akarudi na pikapu. Cornel, safari hii bila simu, akatafsiri: divai ni nzuri mno, analichukua pipa lote.

"Nzuri? Si aliitema!"

"Mama, waonjaji wote hutema. Wakimeza, watalewa kabla kazi haijaisha."

Mfaransa akaligonga pipa. Likalia kama ngoma. Mzee Matonya, asiye na hatia, alikuwa akikoroma pembeni yake. Mgeni alipoelezwa kesi yote alicheka hadi machozi, akaahidi kurudi msimu ujao.

Shangazi hakucheka. Zabibu zilizobaki shambani zilikuwa za madalali tena.

"Mwambie," akamwagiza Cornel, "akirudi, ameze."